UZI: Katiba ya Marekani iliandikwa kuifunga serikali. Imekuwaje raia ndiye anayetakiwa kujieleza?

#1 Mtafiti Huru (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Walibertari, yaani wale wanaotaka serikali ndogo na uhuru mpana wa mtu binafsi, mara nyingi wanajadiliwa kana kwamba hoja yao yote ni kodi na bunduki. Wapo wanaowaona ni matajiri waliochoka kuchangia wenzao. Naomba tuichukue hoja yao pale ilipo na nguvu zaidi, kwenye Katiba ya Marekani, kwa sababu huko ndiko ilikopambana na mahakama kwa zaidi ya miaka 200 na hukumu zipo, zinasomeka.

Kwa maoni yangu swali lao la msingi ni moja: kati ya raia na serikali, nani anatakiwa kujieleza? Mlibertari anasema mtu hadaiwi sababu ya kuwa huru. Anayetaka kumzuia ndiye alete sababu, aithibitishe, na akishindwa amwache aende zake. Katiba ya 1787 iliandikwa kwa mantiki hiyo. Ninachotaka kuonyesha ni jinsi mzigo huo ulivyohamishiwa kwa raia hatua kwa hatua, huku maneno ya Katiba yakibaki yaleyale.

Ibara ya Kwanza, Kifungu cha 8, inataja mambo ambayo Kongresi, yaani bunge la serikali kuu, inaruhusiwa kuyatungia sheria: kukopa, kutengeneza sarafu, posta, kutangaza vita, kusimamia biashara kati ya majimbo na mengine machache. James Madison, mmoja wa waandishi wa Katiba, katika makala ya 45 ya Federalist, mfululizo wa makala za kuitetea Katiba hiyo, aliwaambia wananchi wa New York mwaka 1788 kwamba madaraka ya serikali kuu ni machache na yameainishwa, na ya majimbo ndiyo mengi yasiyo na mpaka uliochorwa. Wengi hawakuridhika, wakadai tamko la haki. Hapo Alexander Hamilton, makala ya 84, akatoa hoja ambayo kila nikiirudia naiona nzito: tamko la haki ni hatari. Ukiandika kwamba serikali isiguse uhuru wa magazeti, umekiri kimyakimya kwamba usingeandika ingekuwa na ruhusa ya kuugusa. Ya nini kukataza jambo ambalo hukumpa mtu mamlaka ya kulifanya?

Hamilton alishindwa. Tarehe 15 Desemba 1791 marekebisho 10 yaliingia kwenye Katiba. Lakini hofu yake ilijibiwa humohumo. Rekebisho la 9 linasema kutajwa kwa baadhi ya haki kusichukuliwe kuwa ni kuzikana haki nyingine za watu. La 10 linasema madaraka ambayo serikali kuu haikukabidhiwa, na majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa watu. Yasomeni pamoja. Upande wa serikali orodha imefungwa, upande wa raia orodha iko wazi. Mimi nikiulizwa walibertari wanasimama wapi kisheria, nawaonyesha sentensi hizo mbili.

Sasa njooni kwenye ngano.

Roscoe Filburn alikuwa mkulima wa Ohio. Sheria ya kilimo ya 1938 iliweka kiwango cha ngano kwa kila shamba ili bei isiporomoke. Yeye alipangiwa ekari 11.1, akapanda 23. Ziada ikatoa busheli 239, akapigwa faini ya senti 49 kwa kila busheli, jumla dola 117.11. Utetezi wake ulieleweka na mtu yeyote: hii ngano ya ziada ni ya kulisha mifugo yangu, ya unga wa nyumbani kwangu na ya mbegu. Biashara kati ya majimbo iko wapi hapo? Novemba 1942 Mahakama ya Juu ilimjibu, tena majaji wote kwa sauti moja, kwamba ngano aliyojilimia ni ngano ambayo hakwenda kuinunua sokoni. Mchango wake peke yake haushikiki, lakini ukiwajumlisha wakulima wote wanaofanya kama yeye, soko la nchi nzima linaguswa.

Kama kutonunua kitu ni kugusa biashara, ni tendo gani la binadamu limebaki nje ya mamlaka ya serikali kuu? Ilichukua hadi 1995 ndipo Mahakama ya Juu ikakiri hadharani kwamba swali hilo lina uzito. Katika kesi ya Lopez, iliyohusu sheria ya kukataza silaha karibu na shule, Jaji Mkuu Rehnquist aliandika kwamba wakikubali hoja za serikali, watapata tabu kutaja shughuli yoyote ambayo Kongresi haina uwezo wa kuisimamia. Serikali ikashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Miaka 10 baadaye, kwenye kesi ya Raich, wagonjwa wa California waliokuwa wakitumia bangi ya kukuzwa nyumbani, kwa ruhusa kamili ya sheria ya jimbo lao, walishindwa 6 kwa 3. Msingi wa hukumu ulikuwa ngano ya Filburn.

Kuna jambo moja hapa ambalo silisikii likizungumzwa vya kutosha. Mwaka 1919, Wamarekani walipotaka kupiga marufuku pombe nchi nzima, waliona hawana budi kubadili Katiba. Theluthi mbili za kila chumba cha Kongresi, robo tatu ya majimbo, ndipo likapatikana Rekebisho la 18. Mwaka 1933 walilifuta kwa njia hiyohiyo. Lakini sheria ya dawa za kulevya ya 1970 ilipita kama sheria ya kawaida, kwa wingi wa kawaida, na hakuna aliyeona haja ya rekebisho. Kati ya tarehe hizo mbili hakuna kipengele kilichoongezwa kwenye Katiba kinachoipa Kongresi uwezo wa kuamua mtu mzima aweke nini mwilini mwake. Iliyobadilika ni mahakama na mazoea ya watu.

Nitaendelea na mali na hali ya hatari. Mwenye swali aanze.

#2 Jicho la Tatu

Mkuu, umeandika vizuri ila umemsimulia Filburn nusu. Ngano ya Marekani wakati ule ilikuwa inauzwa kwa wastani wa dola 1.16 kwa busheli, na soko la dunia lilikuwa senti 40. Hukumu yenyewe inazitaja tarakimu hizo. Tofauti hiyo ilikuwepo kwa sababu wakulima wenzake walikubali kupunguza mashamba. Yeye alitaka bei nzuri inayotokana na nidhamu ya wenzake, halafu akatae nidhamu hiyo kwake. Huo ni uhuru au ni kudandia jasho la wengine?

Halafu msisahau ilikuwa miaka ya mdororo mkuu. Watu walikuwa wanapoteza mashamba. Serikali isingeingia, tungekuwa tunajadili uhuru wa mtu asiye na kitu.

#3 Mtafiti Huru

Jicho la Tatu, tarakimu zako ni sahihi na hoja yako ndiyo nzuri kuliko zote za upande huo. Nitaijibu kwa sehemu mbili.

Kwanza, swali lililokuwa mbele ya mahakama halikuwa kama mpango ule una faida. Lilikuwa kama Kongresi ilikabidhiwa mamlaka ya kumwambia mtu alime kiasi gani cha chakula chake mwenyewe. Mpango unaweza kuwa na faida na bado usiwe wako kuutunga. Wanaosema kwamba faida ndiyo kipimo wanapaswa kutuambia orodha ya Kifungu cha 8 iliandikwa ya nini.

Pili, bei ile ya juu ililipwa na mtu. Kila aliyenunua mkate katika miaka hiyohiyo ya dhiki alilipia ngano iliyofanywa adimu kwa makusudi. Hao hawakuwa na wakili mahakamani. Walibertari wamelisema hili kwa miongo: serikali ikishakuwa na uwezo wa kugawa neema, waliojipanga ndio watakaozipokea, na waliotawanyika ndio watakaozilipia.

Kuhusu kudandia, nakubali Filburn alinufaika. Lakini ukiweka kanuni kwamba kila anayenufaika na mpango wa serikali bila kuuomba amejifunga kuutii, hakuna raia aliyebaki huru, kwa sababu hakuna asiyeguswa na mpango fulani.

#4 Binti Sheria

Naomba niingie kwa upande ambao mleta uzi ameuruka, nao unawauma sana walibertari.

Hiki kifungu cha biashara mnachokilaumu ndicho kilichosimamisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Moteli moja ya Atlanta ilikataa kuwapangisha watu weusi, ikaenda mahakamani ikidai mwenye mali ana uhuru wa kuchagua wateja. Mahakama ya Juu ikasema, Desemba 1964, kwamba wasafiri wanavuka majimbo, kwa hiyo ni biashara kati ya majimbo, kwa hiyo Kongresi ina mamlaka. Mtu mweusi aliyetaka kulala mahali salama njiani alipata haki yake kupitia mlango huohuo wa ngano.

Tena "haki za majimbo" na Rekebisho la 10 ndiyo yalikuwa maneno ya waliotetea ubaguzi. Seneta Barry Goldwater alipiga kura ya kupinga sheria ile akitaja mipaka ya Katiba. Sasa ndugu yangu, ukiifunga serikali kuu, ni nani atamfunga gavana wa jimbo?

#5 Mtafiti Huru

Dada Binti Sheria, hilo ni swali la haki na mlibertari asiyelijibu hastahili kusikilizwa.

Tuanze na walioweka ubaguzi. Sheria ya Louisiana ya 1890 iliyalazimisha makampuni ya reli kutenganisha mabehewa kwa rangi, na kampuni ambayo ingekaidi ingeadhibiwa. Mahakama ya Juu ikaibariki mwaka 1896 katika kesi ya Plessy. Jiji la Louisville lilipitisha kanuni ya kuzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye weupe wengi, na mwaka 1917 Mahakama iliifuta kwa kutumia haki ya mwenye mali kumuuzia amtakaye. Yaani katika kipindi kigumu kabisa, haki ya mali ndiyo iliyompa mtu mweusi ushindi ambao hoja ya usawa ilikuwa imemnyima. Ndoa za watu wa rangi tofauti zilikatazwa na sheria za majimbo hadi 1967. Mkono wa serikali ulikuwa kwenye kila kimojawapo.

Nani wa kumfunga gavana? Rekebisho la 14, la mwaka 1868. Liliandikwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa ajili hiyo hasa: jimbo lisivunje haki na kinga za raia, lisichukue uhai, uhuru wala mali bila utaratibu wa haki, na liwape wote ulinzi sawa wa sheria. Mwaka 1873, katika kesi ya wachinjaji wa New Orleans, Mahakama ya Juu kwa kura 5 dhidi ya 4 ilikifanya kipengele cha haki na kinga kuwa karibu maneno matupu. Walibertari wengi, mimi nikiwa pamoja nao, tunaiona hukumu ile kuwa moja ya majeraha makubwa ya Katiba hiyo. Kipengele kile kingeachwa kifanye kazi, sheria nyingi za ubaguzi zingekuwa na mahali pa kuangukia kabla ya kizazi kizima kuzikwa chini yake.

Kwa hiyo ninaposema mipaka, simaanishi kuipokonya Washington na kumpa gavana. Mwenye haki ni mtu mmoja mmoja, na majimbo yana madaraka tu.

Ila kuhusu mwenye moteli, sitakwepa. Walibertari wamegawanyika. Wapo wanaosema mali binafsi ni mali binafsi hata mwenye nayo akiwa na moyo mbaya. Wapo wanaosema ubaguzi ule ulikuwa umejengwa na dola kwa karne nzima, kwa sheria, polisi na kufumbia macho mauaji, na kwamba dola iliyojenga ukuta ina wajibu wa kuubomoa. Mimi niko na hawa wa pili. Napenda tu sheria ile ingesimama juu ya Rekebisho la 14, juu ya utu wa msafiri, kuliko kusimama juu ya hesabu za biashara.

#6 Mkulima Mstaafu

Naunga mkono #5, hasa aya ya Louisville, sikuwahi kuijua. Mkuu endelea na mali.

#7 Mtafiti Huru

Mali, basi. Hapa ndipo swali la nani anajieleza linaonekana waziwazi.

Ukishtakiwa kwa jinai Marekani, serikali inathibitisha kosa bila kuacha shaka ya msingi, na ukikosa fedha unapewa wakili. Lakini polisi wanaweza kuishtaki mali yako badala yako. Kesi inafunguliwa dhidi ya gari, dhidi ya nyumba, dhidi ya bahasha ya fedha taslimu, na wewe unaweza usishtakiwe kamwe. Kwa kuwa kesi si ya jinai, ulinzi mwingi unayeyuka. Hadi mwaka 2000, katika kesi za serikali kuu, mwenye mali ndiye aliyebeba kazi ya kuisafisha. Sheria iliyopitishwa mwaka huo iliirudishia serikali kazi ya kuthibitisha, ila kwa kipimo cha chini cha kesi za madai. Na mwenye mali anayesema hakujua lolote bado anatakiwa athibitishe mwenyewe kwamba hana hatia.

Mwaka 1996 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mwanamke wa Michigan aliyemiliki gari pamoja na mumewe. Mume alikamatwa ndani ya gari hilo akiwa na kahaba. Mke hakujua chochote, ndiye aliyekosewa ndani ya ndoa yake, na jimbo likalichukua gari pamoja na sehemu yake. Akashindwa, 5 kwa 4.

Ongeza hapo motisha. Chini ya mpango wa serikali kuu wa kugawana mapato, idara ya polisi ya mtaa inaweza kurudishiwa hadi asilimia 80 ya thamani ya ilichosaidia kukamata. Anayeamua kukamata ana fungu kwenye kinachokamatwa. Madison aliandika kwamba mtu hapaswi kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe kwa sababu maslahi yatapinda uamuzi wake. Hili hapa limefanywa bajeti.

Kuna nafuu chache. New Mexico ilifuta utaratibu huu mwaka 2015, ikataka mtu apatikane na hatia kwanza. Mwaka 2019, kesi ya Timbs dhidi ya Indiana, majaji wote 9 walikubaliana kwamba katazo la faini zilizopitiliza linayabana majimbo pia. Timbs alikiri kuuza dawa za kulevya. Faini ya juu kwa kosa lake ilikuwa dola 10,000, na jimbo lilitaka gari lake la dola 42,000 alilolinunua kwa fedha za bima ya maisha ya baba yake. Nafurahi kwamba aliyeshinda alikuwa mwenye hatia. Ulinzi unaowafikia wasio na doa peke yao haumlindi mtu yeyote siku serikali ikimgeukia.

Na msisahau Kelo, 2005. Jiji la New London, Connecticut, lilitwaa nyumba za watu ili kuwapisha waendelezaji binafsi, kwa hoja ya ajira na kodi. Katiba inaruhusu kutwaa kwa matumizi ya umma, kwa fidia. Mahakama, 5 kwa 4, ikasema ustawi wa uchumi ni matumizi ya umma ya kutosha. Nyumba zikaondolewa, mradi ukakwama, na eneo likabaki tupu kwa miaka mingi. Jaji O'Connor alionya katika maoni yake ya kupinga kwamba watakaonufaika ni wenye ushawishi. Kizuri kilichofuata ni hasira ya watu, maana zaidi ya majimbo 40 yalibadili sheria zao baadaye. Kinga ilipatikana kwenye mabunge ya majimbo baada ya mahakama kushindwa kuitoa.

#8 Mpita Njia

Na data zetu? Hilo nalo si mali?

#9 Binti Sheria

Mpita Njia, nitakujibu mimi. Rekebisho la 4 linataka hati ya upekuzi yenye sababu za msingi. Lakini mwaka 1976 na 1979 Mahakama ya Juu ilisema taarifa uliyompa mtu wa tatu, benki au kampuni ya simu, huwezi kuitegemea kuwa siri yako tena. Wakati huo ilihusu hundi na namba ulizopiga. Leo karibu kila kitu kiko kwa mtu wa tatu. Mwaka 2018, kesi ya Carpenter, polisi walikuwa wamechukua kumbukumbu za siku 127 za mahali simu ya mtuhumiwa ilipokuwa, bila hati ya kawaida ya upekuzi. Mahakama ikasema 5 kwa 4 kwamba hati inahitajika. Nimewapinga walibertari kwenye #4 lakini hapa wako sahihi, na walikuwa wakilisema kabla simu hazijaingia mifukoni.

#10 Jicho la Tatu

Mleta uzi, bado hujanishawishi kwenye uchumi. Kama kila sheria ya biashara inatakiwa ijieleze mahakamani, majaji ambao hawakuchaguliwa na mtu ndio watakaotawala. Tuliyaona hayo kuanzia kesi ya Lochner mwaka 1905: jimbo la New York linawawekea waoka mikate ukomo wa saa 60 kwa wiki, mahakama inaufuta kwa jina la uhuru wa mkataba. Mwoka mikate maskini ana uhuru gani mbele ya tajiri wake?

#11 Mtafiti Huru

Jicho la Tatu, hofu ya majaji naielewa na siipuuzi. Ila tazama kilichokuja baada ya Lochner kuzikwa. Mwaka 1955 Oklahoma ilikuwa na sheria inayomkataza fundi wa miwani hata kuhamishia kioo cha zamani kwenye fremu mpya bila cheti cha daktari. Mahakama ya Juu ilikiri kwamba huenda sheria hiyo ni usumbufu usio na maana, kisha ikaipitisha kwa kuwa mbunge *angeweza* kuwa na sababu fulani. Serikali haikuhitaji kuonyesha sababu yake halisi. Jaji alimtungia.

Na wanaoumia si matajiri. Watawa wa Kibenedikto huko Louisiana walikuwa wakitengeneza majeneza ya mbao ya kawaida ili kujikimu. Sheria ya jimbo ilisema jeneza huuzwa na mwenye leseni ya mazishi peke yake, ingawa hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuzikwa kwenye jeneza. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya serikali kuu ilikataa sheria hiyo, ikasema kuwalinda wafanyabiashara fulani dhidi ya ushindani tu si sababu halali. Katika miaka ya 1950 chini ya mfanyakazi 1 kati ya 20 Marekani alihitaji leseni ya jimbo kufanya kazi yake. Sasa ni takriban 1 kati ya 4. Kila leseni ni mlango, na maskini ndiye asiye na fedha ya kuupita.

Simtaki jaji atunge sera. Namtaka aulize: sababu yenu ni ipi, na ushahidi wake uko wapi? Kwa uhuru wa kusema mahakama zinauliza hivyo kila siku na hakuna anayeziita za kidikteta.

#12 Kisima cha Fikra

Nimefuatilia kimya. Swali langu ni la mwisho na ni gumu. Lysander Spooner, yule mpinga utumwa wa Massachusetts, aliandika mwaka 1870 kwamba Katiba ama iliidhinisha serikali kama tuliyonayo, ama ilishindwa kuizuia, na kwa vyovyote haifai kuwepo. Uzi wako wote unamthibitisha. Ngano, magari, nyumba, vyote vimepita chini ya Katiba hiyohiyo. Kwa nini uendelee kuamini karatasi?

#13 Mtafiti Huru

Kisima, wapo walibertari wanaokwenda na Spooner hadi mwisho, kwamba dola yenyewe haina uhalali. Nawaheshimu, ila sifiki huko. Aprili 1952 Rais Truman aliamuru viwanda vya chuma vitwaliwe katikati ya vita vya Korea. Juni mahakama ikamwambia hana mamlaka hayo, 6 kwa 3, na akavirudisha. Rais mwenye jeshi vitani alitii karatasi. Upande wa pili, mwaka 1944 mahakama hiyohiyo, 6 kwa 3, ilikubali amri iliyowaondoa Wamarekani wenye asili ya Japani majumbani mwao. Watu wapatao 120,000 walifungiwa kambini, wengi wao raia, bila shtaka. Katiba moja, majaji wengi walewale.

Naona tofauti iko kwenye mpangilio kuliko kwenye ubora wa maneno. Mahali ambapo mtawala hawezi kusonga bila mwingine kusema ndiyo, mipaka inashika. Mahali ambapo anasonga hadi mwingine aseme hapana, inavuja.

Hali ya dharura ndiyo mfano wake mkubwa. Sheria ya 1976 ilimruhusu Rais kutangaza dharura ya kitaifa na kufungua mamlaka maalumu, huku Kongresi ikibaki na uwezo wa kuikatisha kwa azimio ambalo halikuhitaji saini yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Chadha, ikasema maazimio ya namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Tangu hapo kukatisha dharura kunahitaji azimio ambalo Rais anaweza kulipiga veto, yaani theluthi mbili za vyumba vyote viwili. Dharura kuhusu Iran iliyotangazwa na Rais Carter Novemba 1979 imehuishwa mwaka baada ya mwaka. Idhini ya vita ya Septemba 2001, aya moja ya maneno 60 hivi, ilipita kwenye Baraza la Wawakilishi kwa kura 420 dhidi ya 1 ya mbunge Barbara Lee, haikuwekewa tarehe ya mwisho, na ikatumiwa na marais wa vyama vyote viwili dhidi ya makundi ambayo siku ya kura hayakuwepo.

#14 Jicho la Tatu

Hapo kwenye dharura nakuunga mkono, mkuu. Sasa dawa yake nini? Rekebisho la Katiba halipitiki siku hizi.

#15 Mtafiti Huru

Si lazima rekebisho. Mwaka 2019 Seneta Mike Lee wa Utah alileta muswada wenye wazo jepesi: dharura yoyote ife yenyewe baada ya siku 30, isipokuwa Kongresi ipige kura ya kuiendeleza. Haukuwa sheria. Lakini angalia ungefanya nini mwaka huohuo. Februari 15 Rais Trump alitangaza dharura ya mpaka wa kusini ili apate fedha za ukuta ambazo Kongresi ilikuwa imemnyima. Baraza la Wawakilishi likapiga 245 kwa 182 kuikatisha, Seneti 59 kwa 41, maseneta 12 wa chama chake wakiwemo. Akapiga veto. Machi 26 Baraza likapata 248 dhidi ya 181, pungufu ya theluthi mbili, na dharura ikaendelea huku vyumba vyote viwili vimeikataa.

Kwa kanuni ya siku 30, yeye ndiye angetakiwa kutafuta wingi katika kila chumba. Kura zilishaonyesha hana hata kimoja, na dharura ile ingekufa katikati ya Machi bila mtu kufungua kesi.